Punje Isiyogeuzwa

Punje ilidondoka yenyewe. Hakuna aliyeigusa wala aliyekohoa karibu yake, wala mlango haukubamizwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, mikono kaipakata, akisubiri pampu imalize kufyonza hewa kutoka ndani ya chungu cha chuma. Alipochungulia kwenye kidirisha akaona mkono mwembamba wa mzani uko mtupu, na chini yake punje imelala kama njegere iliyomponyoka mtu jikoni. Gundi ilikuwa imechoka.

Alibaki anaitazama. Mtu mwingine angesema kilichoanguka huokotwa, yakaisha. Lakini punje ile ya kioo, iliyopakwa dhahabu pande zote, ilikuwa imegandishwa pale na marehemu mume wake kwa mikono yake mwenyewe, na tangu azikwe hakuna aliyewahi kuibandua. Pampu ilibadilishwa mafuta, waya zikabadilishwa, hata meza iliwahi kubadilishwa miguu, punje haikuguswa. Wanafunzi waliokuja kusaidia waliambiwa mapema, kabla hata hawajaonyeshwa pa kutundika makoti: "Hapo msishike." Fundi wa mitambo, mzee ambaye mikono yake hushika kila kitu hata kisichomhusu, alikuwa akikifikia chungu kile anakizunguka kwa mbali.

"Imeanguka?" fundi aliuliza akiwa mlangoni.

"Imeanguka."

"Pole, Mwalimu," akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ya msiba.

Kazi iliyofanyika chumbani humo ilikuwa kazi ya kupima mvuto. Chukua vitu viwili vyenye nyuso zinazopitisha umeme, toa hewa yote iliyo kati yake, ondoa umeme, ondoa sumaku, zuia mtikisiko; kisha visogeze karibu, karibu kuliko unene wa utando wa buibui. Vitavutana. Hakuna kamba wala gundi. Patupu penyewe, ambapo wenye elimu yao hupaita ombwe, hapajatulia kama panavyoonekana, na huko kutotulia kwake ndiko kunakovisukuma. Ukitumia vibati viwili bapa, kimoja kikiinama kidogo tu kipimo kimekufa. Ndiyo maana watu hutumia kibati na punje. Mviringo hauna kuinama. Ugeuze utakavyo, lazima patakuwepo mahali pamoja palipo karibu zaidi na kibati. "Mviringo ni mviringo," marehemu alizoea kusema, "upande wowote ni sawa."

Walikuwa wawili katika kazi hiyo. Marehemu alisoma namba kwa sauti, mkewe akaandika. Baada ya kifo Mwalimu akawa anasoma mwenyewe na kuandika mwenyewe, lakini hakuacha kusoma kwa sauti. Namba ilitoka kinywani, ikaenda hadi ukutani, na hapakuwa na wa kuipokea.

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa kibarazani na jirani yake, mwanamke fundi cherehani, wakipima kitambaa cha kijani chenye maua meupe. Kitambaa hicho kilikuwa cha siku ya kibao. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba maabara ile ipewe jina la marehemu na kibao kiwekwe mlangoni, kwa sababu ya makala aliyoiandika pamoja na mkewe, iliyosomwa na wataalamu wa mbali wakashika vichwa. Makala ilisema kwamba uso uliobinuka ukisogezwa mbali na ulio bapa, kani ya ombwe haipungui kama nadharia inavyotaka. Inapungua polepole zaidi. Kwa watu wa fani ile hilo lilikuwa sawa na kuambiwa jiwe limetupwa juu likachelewa kurudi. Mkuu wa idara alishachagua siku. Mama mkwe alishachagua mshono.

"Hebu nieleze tena, mama," fundi cherehani alisema, pini mdomoni. "Hewa wanaitoa yote?"

"Yote."

"Halafu wanapima nini?"

"Kilichobaki."

"Kimebaki nini, na wewe umesema wametoa yote?"

"Ndiyo hapo sasa!" Mama mkwe alijiweka sawa kwenye mkeka. Hakuna alichokipenda kama swali hilo. "Ukitoa kila kitu, kuna kitu kinabaki. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, na mwanangu hakushindwa. Patupu pana nguvu."

"Makubwa! Mfukoni mwa mume wangu ni patupu mwaka mzima, mbona sioni pakivuta kitu?"

"Mume wako hajapakwa dhahabu."

Wakacheka mpaka pini ikadondoka, wakaanza kuitafuta kwa viganja. Mtaani walikuwa wakimwita Mama Patupu, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye aliitika kwa wote. Alikuwa amezaa watoto wawili. Wa pili, mwenye duka la vipuri vya magari, alimpa kila alichotaka. Lakini marehemu ndiye aliyempa kitu cha kusema.

"Umerudi mapema, mwanangu," alimwambia Mwalimu alipomwona getini. "Njoo uone. Mikono iwe mirefu au mifupi?"

"Mirefu, mama. Mle ndani kuna baridi."

"Si unaona? Yeye ndiye anayejua kule," mama mkwe akamwambia jirani, akarudi kwenye kitambaa chake.

Mwalimu akaingia ndani. Hakusema kwamba punje imeanguka. Aliona si jambo la kumwambia mzee, na tena ataibandika kesho, yaishe.

*

Fundi wa mitambo ndiye aliyekataa ibandikwe palepale. Mgongoni mwa punje kulikuwa na kovu la gundi ya zamani, na gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Kulikwangua kovu kungechubua dhahabu. "Tuigeuze kidogo, Mwalimu," alisema taratibu, kibano mkononi. "Ubavu huu ni safi. Si ni mviringo?"

"Ni mviringo," Mwalimu alijibu, na ilimchukua muda kutikisa kichwa kukubali.

Basi ikageuzwa. Chungu kikafungwa, pampu ikavuta, mtikisiko ukatulia. Mwalimu akaanza kusogeza kibati kidogo kidogo na kusoma namba kwa sauti. Mwanzoni alidhani amesahau kitu. Akarudia. Akazima taa, akawasha, akapima umeme uliobaki juu ya dhahabu na kuuondoa upya, akarudia tena. Namba zikakaa juu ya mstari wa nadharia kama mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake. Ile tofauti, ile iliyowashikisha watu vichwa, haikuwepo.

Aliigeuza punje upande mwingine. Haikuwepo. Akachukua punje nyingine kabisa, mpya, kutoka kabatini. Haikuwepo. Wiki hiyo yote alifika asubuhi na kuondoka jioni akiwa hajaongea na mtu ila kusoma namba, na kila namba ilisema neno lile lile.

Mwishowe aliichukua ile punje ya kwanza akaiweka chini ya hadubini, kovu la gundi likitazama chini, ili auone upande uliokuwa umekikabili kibati miaka yote. Pale katikati, mahali pa kupimia penyewe, mviringo ulikuwa umekatika. Palikuwa na bapa dogo mno, dogo kuliko chembe ya vumbi, dhahabu yake imelainika kama sabuni iliyokanyagwa. Kwa jicho hungeliona hata ukiishi miaka mia. Lakini kwa nguvu inayopimwa kwenye mwanya usioonekana, bapa lile lilikuwa uwanja wa mpira. Hesabu zote walizozifanya zilikuwa za mviringo, na walichokuwa wakikipima hakikuwa mviringo.

Kama angeigeuza mara moja tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa: geuza unachokipima, upime tena. Yeye mwenyewe huwaambia. Lakini punje ile iligandishwa na mikono ile, na mikono ile haikuwepo tena duniani, na yeye hakuigeuza.

*

"Kaa, Mwalimu, kaa," mkuu wa idara alisema. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu mezani wakati wengine wanaongea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanga kalamu tena.

"Una uhakika?"

"Nimepima pande sita. Na punje nyingine."

"Maana, usinielewe vibaya, umekuwa peke yako mle ndani muda mrefu. Mtu akiwa na majonzi..."

"Majonzi hayabadilishi namba, profesa."

"Hapana, hapana. Sisemi hivyo." Akasogeza kalamu nyekundu ikalingana na ya bluu. "Nasema hivi: kibao kimeshachongwa. Wageni wameshaalikwa. Mama yake marehemu nimemwalika mimi mwenyewe, kwa simu, alilia. Tufanye shughuli yetu, watu wafurahi, halafu baada ya muda, polepole, unaandika masahihisho. Nani ataumia?"

"Kuna kijana wa chuo kingine ameniandikia. Anajenga mtambo wake kwa kufuata namba zetu. Atapoteza miaka."

"Miezi michache zaidi haitamuua."

"Na tutasimama pale mbele tunapiga makofi kwa kitu ninachojua si kweli."

Mkuu wa idara akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza kuliko kama angemfokea. "Kibao si cha makala, Mwalimu. Ni cha mtu. Na chumba," akaongeza, akitazama kalamu, "chumba tumekibakisha kwenu kwa ajili ya makala. Unajua kuna wanaokitaka. Nenda nyumbani, ongea na familia. Ukishaongea na familia uje uniambie."

Mlangoni alimpa mkono, kisha akaushika kwa mikono miwili, kama watu washikavyo mkono wa mfiwa.

*

Familia ilikuwa mezani Jumapili mchana. Shemeji, yule mwenye duka la vipuri, alikuwa amekuja na koti jipya la mama yake la kuvalia juu ya gauni la kijani, kwa sababu ya ile baridi ya maabara. Alikuwa mwanamume wa vicheko, anayegonga meza akiongea, na sahani hucheza.

"Mimi nimeshawaambia wateja wote," alisema. "Mtu akija kununua pampu ya tairi namwambia: unaijua nguvu ya patupu? Anasema hapana. Namwambia basi kaa chini. Juzi mmoja kakaa mpaka akasahau kilichomleta!"

Mama mkwe alicheka, akamwongezea mchuzi.

"Mama," Mwalimu akasema. "Shemeji. Kuna jambo."

Akawaambia. Alilitafutia maneno mepesi, akatumia chungwa na sahani iliyokuwa pale. Akaonyesha chungwa linavyogusa sahani kwa ncha moja tu. Akasema, kama chungwa lingekuwa na bapa hapo chini, na wewe ukapiga hesabu ukidhani halina, hesabu yako ingekwenda upande. Bapa lilikuwepo. Walichokisema kwenye makala hakikuwa kweli. Yeye ataandika kuiondoa.

Shemeji ndiye aliyesema kwanza, na alisema akitabasamu bado, maana tabasamu lilikuwa halijapata habari. "Shemeji, hebu ngoja. Bapa la ukubwa gani?"

"Halionekani kwa macho."

"Halionekani!" Akagonga meza. "Halionekani, sasa nani analiona? Wewe tu. Si unyamaze? Kaka yangu amelala kaburini, hawezi kujitetea. Huwezi kumwekea maneno mdomoni."

"Simwekei maneno. Na jina langu limo pia kwenye makala."

"Jina lako litabaki na mshahara. La kwake litabaki na nini?"

Mama mkwe alikuwa amelichukua chungwa kutoka kwenye sahani, amelishika kwa mikono miwili mapajani, analizungusha polepole. Mwalimu alimngojea. Kwa miaka yote waliyoishi pamoja, tangu msiba, hawakuwahi kugombana hata kwa sababu ya chumvi. Walikuwa wakiogopana kwa upole, kila mmoja akijua mwenzake ndicho kilichobaki.

"Kwa hiyo," mama mkwe alisema hatimaye, "hakuna kitu."

"Kipo, mama. Vinavutana. Ila vinavutana kama walivyosema wengine kabla yetu. Si kama tulivyosema sisi."

"Kama walivyosema wengine." Akalirudisha chungwa mezani. "Mimi mtaani nimewaambia watu nini?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe, uliyesoma. Miaka yote nimekaa pale kibarazani, nimewaambia watu nini?"

Mwalimu akalisogeza chungwa mbali na ukingo wa meza.

"Baada ya sherehe," shemeji akasema kwa sauti ya chini, sauti ya dukani anapotaka kupunguza bei. "Shemeji, nakuomba kama kaka. Afurahi siku moja tu. Baada ya hapo andika utakacho."

Mwalimu akamtazama mama mkwe, aone kama naye anaomba hivyo. Mzee alikuwa ameinamisha uso. Kama angeinua macho na kusema tafadhali, labda mambo yangekwenda vingine. Mwalimu mwenyewe hakujua. Lakini mzee hakusema tafadhali. Aliinuka, akaenda chumbani, na ikasikika sauti ya sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

"Nakwenda kwa mwanangu," alisema aliporudi, sanduku mkononi. Hakusema kwa hasira. "Yule niliyebaki naye."

*

Makala iliondolewa. Mwalimu aliandika mwenyewe, mistari michache, bila kumtaja nani alibandika punje na nani hakuigeuza, aliandika "sisi". Jarida likachapisha. Yule kijana wa chuo kingine aliandika kumshukuru, barua fupi ya adabu, na hakuandika tena. Siku ya kibao ilifika ikapita kama Ijumaa nyingine yoyote; wageni walikuwa wameshapigiwa simu wasije. Kibao kilichochongwa kiliwekwa stoo, na fundi wa mitambo alisema alikigeuza uso ukutani kwa heshima.

Kisha chumba kikagawanywa. Mwalimu aliachiwa meza iliyo upande wa dirisha, pamoja na chungu chake, na upande mwingine wakaingia vijana wanaochunguza betri. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu, lakini walitembea. Kila walipotembea mkono wa mzani ulitetemeka na namba ikaharibika, hivyo akawa anasubiri watoke kwenda kula. Wakishatoka anasoma namba kwa sauti. Siku moja mmoja wao alikuwa amebaki nyuma akifunga kiatu, akauliza, "Unaongea na mimi, Mwalimu?"

"Hapana, baba. Endelea."

Kwenye chumba cha chai watu walimsalimia vizuri kupita kiasi. Hakuna aliyemlaumu. Mmoja alisema mbele ya wote kwamba alilolifanya ni la kijasiri, na wengine wakatikisa vichwa, na kila mtu akatazama kikombe chake. Alitamani mtu amwambie kwa ukali: kwa nini hukuigeuza? Hapo angejibu. Lakini kila mtu alimhurumia, na mtu anayehurumiwa haulizwi.

Nyumbani kibaraza kilikuwa kitupu. Fundi cherehani alipita mara moja na gauni la kijani limekunjwa kwenye mfuko, limekwisha shonwa, na mikono mirefu.

"Sijui nimpe nani," alisema.

"Liache, nitamfikishia."

"Hivi atarudi?"

"Sijui, dada."

Fundi cherehani akasimama kidogo, akitafuta mzaha, asiupate. "Mtaa umepoa," akasema, akaenda zake.

Mwalimu alimpigia simu mama mkwe kila Jumapili. Simu ilipokelewa na shemeji. Mama amelala. Mama anaoga. Mama yuko na wageni. Mara moja alisikia nyuma sauti ya mzee ikiuliza, "Ni nani?" na shemeji akajibu, "Ni mteja."

Akawa anapika chakula cha mtu mmoja, na alipokosea kipimo akapika cha wawili, alikila kesho yake kikiwa baridi, amesimama jikoni.

*

Jumamosi moja, jua limeshapanda, teksi ilisimama getini. Mwalimu alikuwa anafua. Alitoka mikono ina povu akamkuta mama mkwe anabishana na dereva, sanduku liko chini.

"Nimekwambia sina chenji, na wewe umesema huna chenji, sasa tufanyeje, tuoane?"

Dereva alicheka, akaacha. Mwalimu akajifuta mikono kwenye gauni na kuliinua sanduku. Mama mkwe hakumkumbatia. Alimtazama kuanzia miguuni.

"Umekonda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hujui kupika cha mtu mmoja, ndiyo maana."

Akaingia, akatazama sebule, akapitisha kidole juu ya redio, akakitazama kidole. Kisha akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kiti cha wageni, mkoba wake bado begani. Mwalimu alibaki amesimama. Hakujua kama huku ni kurudi au ni kufuata vitu vilivyobaki.

"Kwa yule mwanangu," mama mkwe alianza, "nakula vizuri. Nisiseme uongo. Nina chumba, nina televisheni. Jioni anawaita marafiki zake, ananikalisha katikati, anaanza: kaka yangu alikuwa kichwa, kaka yangu hakuwahi kukosea, wamemwonea wivu. Nao wanaitikia. Watu hata hawakumjua! Mwingine juzi ananiambia, mama, ulizaa malaika." Akauvua mkoba begani, akauweka sakafuni. "Mimi sikuzaa malaika. Nimemzaa mtoto, mbishi, ana masikio makubwa, anakosea asubuhi, mchana na jioni. Nikitaka kusema hivyo kule wananitazama kama nimetukana. Nimekaa nikajiuliza, hivi duniani ni nani mwingine aliyemjua? Nikahesabu. Sikupata ila mmoja."

Mwalimu akaketi chini, palepale sakafuni karibu na sanduku.

"Nimekukasirikia," mama mkwe alisema. "Bado. Usidhani imekwisha."

"Najua, mama."

"Ulipaswa kuniambia mimi kwanza. Si mkuu wa idara. Mimi."

"Ni kweli. Nilikuwa naogopa."

"Kuogopa ulikuwa na haki." Akavuta pumzi. "Haya. Sasa niambie. Siku ile ulisema bapa, bapa, ukanionyesha chungwa. Hukusema lilitoka wapi. Kioo kimetengenezwa kiwandani mviringo. Bapa lilitoka wapi?"

Hilo Mwalimu hakuwa amemwambia mtu yeyote, si mkuu wa idara, wala hakuliandika kwenye jarida. Alitazama mikono yake, povu limekaukia kwenye vidole.

"Alipoigandisha," alisema, "aliishusha punje mpaka ikagusa kibati, ili ajue sifuri iko wapi. Kugusa kunaruhusiwa. Unagusa, unainua. Yeye aligusa, halafu..." Akatoa kidole gumba, akakikandamiza polepole kwenye sakafu. "Akabonyeza. Kidogo tu. Alitaka kuwa na hakika imekaa."

Mama mkwe alikitazama kidole kile gumba sakafuni.

"Akabonyeza," alisema.

"Akabonyeza."

"Lahaula!" Mzee alijipiga paja. Sauti iliyomtoka haikuwa kicheko, ikaja ikawa kicheko, mabega yakaanza kumtikisika. "Huyo! Huyo ndiye mwenyewe! Wewe, mtoto yule alikuwa haamini kitu mpaka akibonyeze. Nikienda naye sokoni ni vita. Nyanya za watu, moja moja, kidole, tobo! Mama mmoja alinikimbiza na kikapu chake. Mkate ukitoka dukani, kidole. Kifaranga nacho, kidole, nikamwambia utakiua, akasema mama, naangalia kama kimo. Kimo wapi, nikamuuliza. Hakujua." Alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mpaka huko. Mpaka kwenye patupu, kaenda kabonyeza."

Mwalimu naye alikuwa akicheka, au akilia. Alikuwa na muda mrefu hajafanya lolote kati ya hayo mbele ya mtu, na vilikuja kwa pamoja. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nje, maji ya kufulia yalikuwa yakipoa kwenye beseni.

Kicheko kilipokwisha mama mkwe akaurudisha mtandio begani.

"Wewe ulimwona anabonyeza?" mama mkwe akauliza.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake na kalamu. Nilimwona."

"Hukumwambia acha."

"Sikumwambia. Alikuwa anafurahi mno."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, macho yakiwa mlangoni, mahali pasipokuwa na mtu.

"Na mimi nyanya zile alizozitoboa," akasema, "nilikuwa nikizinunua."